Kabla hujaleta sato bondeni: perege wa Rutamba, Nambawala na Mitupa wanahitaji mfugaji makini

Ndugu zangu wafugaji wa Lindi na Mtwara, hela ya korosho ikishaingia watu wengi siku hizi wanawaza kuchimba bwawa la samaki, na ni wazo zuri kabisa, mi nalisapoti asilimia mia. Ila kuna jambo moja ambalo kwenye mafunzo mengi ya ufugaji linapitwa haraka sana au halisemwi kabisa, nalo ni hili: vifaranga unavyoleta kutoka mbali wakitoroka bondeni kwako wanaenda wapi, na huko wanakoenda wanamkuta nani. Swali hilo ni la kila mfugaji, lakini kwa mtu anayekaa karibu na ziwa Rutamba, au Nambawala, au Mitupa, hapo ndipo penyewe, maana maziwa hayo matatu ya mkoa wa Lindi yana perege wake ambaye huwezi kumpata kwingine kokote duniani.

Huyo perege kitaalamu anaitwa Oreochromis korogwe. Jina la Korogwe limekuja kwa sababu alijulikana kwanza huko kaskazini mkoa wa Tanga, akaandikwa na mtaalamu wa samaki Rosemary Lowe mwaka 1955, na kwa miaka mingi ilikuwa inajulikana hivyo tu kwamba yuko mto Zigi, bwawa la Mlingano na maji ya upande ule. Sasa kati ya mwaka 2013 na 2016 wataalamu wakapita kusini kukusanya samaki kwenye maziwa yetu, wakamkuta na huku. Kitu cha kwanza mtu angefikiri ni kwamba basi kuna mtu zamani alimbeba kwenye ndoo kutoka Tanga akamleta Lindi, lakini vinasaba vilipopimwa ikaonekana sio hivyo, perege wa kusini na wa kaskazini wameachana kama miaka 140,000 iliyopita. Yani kabla hakujawa na kijiji, wala njia ya misafara, wala mti wa korosho, huyu samaki alikuwa huku huku kwenye maji yetu akiishi kivyake. Umbo lake pia lina tofauti na yule wa Tanga, kwa hiyo hata Zigi ikijaa perege, wa kwetu akiisha ameisha.

Na katika vipimo hivyo hivyo ndipo habari mbaya ilipoonekana. Kwenye maziwa yote matatu walikutwa chotara, samaki waliozaliwa na perege wa asili pamoja na sato, huyu sato wa Nile ambaye wote tunamjua na ndiye anayefugwa sana nchini, Oreochromis niloticus. Sato hakuwepo kwenye maji ya Lindi tangu asili. Sasa kaingia na kazi ya kuchanganya imeshaanza.

Wengi hapa wananiuliza, sasa tatizo liko wapi, si wote ni perege tu na sato ndio mkubwa, basi ziwa si litakuwa na samaki wakubwa? Naelewa kabisa swali hilo linakotoka, mtu anatafuta kitoweo na hela ya ada ya mtoto. Lakini tusikimbilie hapo.

Kwanza angalieni kilichotokea Ziwa Victoria. Zamani perege wa kule walikuwa ngege na mbiru, samaki wa asili wa ziwa lile, na ngege ndiye aliyekuwa anatafutwa kuliko wote. Miaka ya 1950 wakaletwa sato wa Nile na sangara. Leo ukienda soko la Mwanza utaona sato na sangara, ngege ndani ya ziwa kubwa karibu ametoweka, amebaki kwenye viziwa vidogo vya pembeni na baadhi ya mabwawa. Ziwa Victoria ni bahari ile, limefika huko, hebu fikiria Rutamba ambayo mtu anasimama ng'ambo hii anaona ng'ambo ya pili.

Pili, hizi mbegu za asili ndizo akiba ya ufugaji wenyewe. Ile mbegu ya sato inayosifiwa duniani kwa kukua haraka, ya mradi ulioanza mwaka 1988 huko Asia, haikutoka hewani, walikuja Afrika wakachukua sato wa porini kutoka Misri, Ghana, Kenya na Senegal wakawachanganya na waliokuwa wanafugwa kule, wakachagua vizazi kwa vizazi wanaokua vizuri. Bila samaki wa porini hakuna mahali pa kuanzia. Perege wa Rutamba amekaa na joto letu, na ukame wetu, na maji yanayopungua kiangazi kwa miaka laki na ushee, ndani yake kunaweza kuwa na kitu ambacho wajukuu zetu watakihitaji kwenye mabwawa yao, lakini akishachanganywa damu hakuna mtu wa kumchambua tena. Ukipandisha kuku wa kienyeji na jogoo wa kisasa ukaona hupendi matokeo unamchinja jogoo yameisha, ziwani huna jogoo wa kumkamata, na hawa chotara wa perege kwa kawaida wanazaa vizuri tu, na watoto wao wanazaa.

Sasa ili ujue namna ya kulinda inabidi ujue huyu samaki anaishije. Perege wa jamii hii wanapenda maji yaliyotulia, ya uvuguvugu, pembezoni mwa ziwa penye majani, matete na mayungiyungi. Dume anakuja kwenye maji mafupi yenye mchanga au tope laini, anachimba kisahani kwa mdomo, anakilinda na kufukuza madume wenzake. Jike likija linataga pale, halafu linayaokota mayai yote mdomoni, dume linarutubisha, na kuanzia hapo mama anakaa na mayai mdomoni mpaka yaanguliwe na vifaranga viweze kuogelea, muda wote huo chakula hali au anakula kidogo sana. Vikitoka bado vinamfuata, vikishtuka vinakimbilia mdomoni tena. Ndio maana nasema jike moja la sato likitoroka bwawani kwako wakati limebeba, usihesabu samaki mmoja, hesabu mamia.

Na ndio maana pembezoni mwa ziwa pakiharibiwa perege anakosa pa kuzalia. Ukilima mpaka ukingoni mvua ikija udongo unaingia ziwani, unafunika vile visahani na mayai hayapati nafasi, majani yakifyekwa vifaranga vinabaki wazi vinaliwa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inasema mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto usifanye shughuli za kudumu, najua watu wanaiona kama usumbufu kwa sababu ardhi ya bondeni ndio yenye unyevu, lakini kwa ziwa dogo hizo mita 60 ndizo zinazobeba kizazi kizima cha samaki. Msitu wa Litipo pale Rutamba nao unafanya kazi hiyo hiyo, unashika udongo na unatoa maji taratibu, kwa hiyo anayekata msitu anavua samaki bila kujua. Na hili la kuvua kwa chandarua cha mbu na utupa, ile sumu ya mmea inayomwagwa kwenye maji, jamani tuachane nalo kabisa, chandarua kinazoa vifaranga vyote na utupa unaua kila chenye mashavu ya kupumulia.

Haya, turudi kwenye bwawa lako, maana sijaja kukukataza kufuga.

Jambo la kwanza ni mahali. Huku kwetu sehemu nyingi za juu ni mchanga, ukipanda Newala na Tandahimba kule juu Makonde maji yenyewe ni shida na udongo hauyashiki, kwa hiyo watu wote wanashuka bondeni penye mfinyanzi, na bondeni ndipo maji ya mafuriko yanapopita. Hapo ndipo samaki wengi wanapotoroka, mafuriko yanawabeba bila mwizi kupita wala tuta kutobolewa. Huku mvua ni msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei, na ikija inakuja yote. Mnakumbuka Mei 2024 Kimbunga Hidaya, mvua ile ilikata barabara ya Dar kwenda Lindi, madaraja yakaondoka, sasa bwawa la mtu binafsi lenye tuta la kiuno lingesimama wapi. Kabla hujachimba waulize wazee wa hapo maji ya mwaka mbaya yalifika wapi, sio mwaka wa kawaida, mwaka mbaya, wakuonyeshe mti au jiwe, halafu wewe panda juu ya hapo. Kama shamba lako lote liko chini ya alama hiyo basi sato sio samaki wako, usimlete kabisa, na nitasema hapo chini uweke nini.

Udongo pima mwenyewe kienyeji, chimba shimo la kiuno, jaza maji jioni, lifunike kwa majani, asubuhi lijaze tena na ukiona jioni maji bado yapo sehemu kubwa basi panafaa. Chukua na udongo mbichi ufinyange donge, lirushe juu ulidake, likikaa bila kusambaratika ni mfinyanzi wa kutosha. Chimba kiangazi, Julai mpaka Septemba, ardhi ikiwa kavu na vibarua wanapatikana kabla ya korosho hazijaanza kudondoka.

Bwawa la kuanzia mita 10 kwa 15 linatosha, kina sentimita 80 upande wa kuingilia maji mpaka mita 1.2 au zaidi kidogo upande wa kutolea. Tuta liinuke nusu mita nzima juu ya usawa wa maji yakiwa yamejaa, lishindiliwe tabaka kwa tabaka na lipandwe majani ya kushika udongo, usipande mgomba wala mti juu yake maana mizizi inatoboa. Chimba na mfereji upande wa juu wa kukwepesha maji ya mvua yasiingie bwawani. Wengi wanaacha mfereji huu kwa sababu wanaona maji ya mvua ni ya bure, lakini maji hayo hayo ndiyo yanayofurisha bwawa na kutoka na samaki wako, pamoja na hela yako ya vifaranga na chakula. Kwa hiyo hata asiyejali perege wa ziwani, mfereji huu anauhitaji.

Bomba la kutolea maji ndio sehemu ya kuwa mkali. Weka wavu wa matundu madogo, milimita 1 au 2, sio wavu wa kuku, maana kifaranga cha sentimita moja kinapita kwenye wavu wa kuku kama hakuna kitu. Weka tabaka mbili, moja ndani moja nje, ili ukisafisha moja nyingine inabaki kazini. Na maji ya bwawa yasiende moja kwa moja mtoni wala kwenye mfereji unaoelekea ziwani, yapitishe kwanza kwenye shimo la mchanga na kokoto, halafu yamwagilie bustani ya mchicha, bamia au migomba. Maji yale yana mbolea, kuyatupa mtoni ni hasara mara mbili.

Ngoja niongelee hili la vifaranga vya dume tupu kwa sababu naona watu wanalitumia kama kinga. Muuzaji atakwambia hawa ni madume matupu, hawazaliani, hata wakitoroka hakuna shida. Kwa bwawani dume tupu ni nzuri kweli, madume yanakua haraka kuliko majike na bwawa halijai vifaranga vidogo vidogo visivyouzika. Lakini kwanza sio wote wanakuwa madume, huwa kuna majike machache yanapita, na pili, hata wangekuwa madume asilimia mia, dume la sato likifika ziwani linakuta majike ya perege wa asili yanalisubiri, linachimba kisahani chake, na kwa ukubwa wake linaweza kumfukuza dume la asili kwenye sehemu nzuri. Kwa hiyo dume tupu linasaidia bwawa lako, ziwa halilisaidii chochote.

Kwa walio karibu na maziwa haya matatu, au walio kwenye mabonde yanayofurika kuelekea huko, ushauri wangu ni kambale. Kambale, Clarias gariepinus, ni samaki wa asili karibu Afrika nzima pamoja na mito yetu, anavumilia maji yenye hewa kidogo kwa sababu anaweza kuvuta hewa ya juu, anakua vizuri na soko lipo. Ana shida zake, vifaranga vinakulana kwa hiyo inabidi uwapange kwa saizi, na usiku wa mvua anaweza kutambaa akatoka bwawani, hivyo zungushia wavu au mabati mafupi. Na ni mlaji wa samaki wengine, usimwachie makusudi ziwani ukidhani unaongeza samaki. Kama moyo wako uko kwa perege tu, nenda kwa afisa uvuvi wa halmashauri umwambie unataka mbegu ya perege wa asili ya bonde lako, akuelekeze kwenye kituo cha serikali cha ukuzaji viumbe maji, usiende mwenyewe na nyavu kuchukua wazazi ziwani, kwanza kuna taratibu zake na pili kwa macho tu unaweza kubeba chotara ukadhani ni wa asili. Sato mwenyewe unamjua kwenye mkia, ana mistari ya wima iliyopangika vizuri mpaka mwisho wa mkia. Chotara anachanganya, mistari inakuwa hafifu au imekatika au haipo, hata wataalamu ilibidi wapime vinasaba ndio wakawa na uhakika.

Wa upande wa Mtwara msidhani haliwahusu. Bonde la Ruvuma nalo lina perege wake, Oreochromis placidus, ambaye ni ndugu wa karibu tu na sato, kwa hiyo tahadhari ni ile ile kwa wa Masasi, Nanyumbu na wote wanaoshuka Ruvuma.

Matunzo ya kila siku nitapita haraka kwa sababu yanajulikana. Kabla ya kujaza maji mwaga chokaa ya kilimo kilo 10 mpaka 20 kwa kila mita 100 za mraba, na hapa kwetu msiruke hatua hii, maana mashamba yetu ya korosho yamepigwa salfa ya unga kwa ajili ya ugonjwa wa ubwiri unga miaka na miaka, na salfa inafanya udongo uwe na asidi. Usiweke bwawa chini ya mteremko wa shamba linalopigwa dawa, na bomba la kupulizia lisioshwe bwawani wala ziwani, lioshee shambani humo humo. Panda samaki 2 au 3 kwa mita moja ya mraba, yani bwawa la mita 150 za mraba ni 300 mpaka 450, ukizidisha bila mashine ya hewa watadumaa. Chakula changanya pumba ya mahindi, mashudu ya ufuta au alizeti, na dagaa waliosagwa, lisha asubuhi jua likishapanda na saa tisa kumi jioni, wakiacha kula na wewe acha. Maji yawe ya kijani, zamisha mkono mpaka kiwiko, kiganja kikipotea kabla maji hayajafika kwenye kiwiko yamekolea sana, kama unaweka samadi acha kuiweka. Ukiona alfajiri wanahema juu juu hewa imepungua, usilishe siku hiyo na ongeza maji mapya.

Siku ya kuvuna ndio siku ya kutoroka kwingi kuliko siku zote. Watu wamechangamka, wateja wanasubiri na madumu, mtu anafungua bomba lote au anakata tuta maji yaondoke haraka, na pale yanapoenda yanaenda na vifaranga vyote ambavyo hakuna aliyevihesabu. Vuta wavu kwanza, toa wakubwa, halafu punguza maji taratibu kupitia lile shimo la kokoto, na vifaranga vinavyobaki kausha, kaanga, lisha kuku, gawa kwa jirani mwenye bwawa lililofungwa vizuri, lakini visimwagwe mtoni. Najua kuna wanaoona huruma, wanaona ni kama sadaka kumrudisha kiumbe cha Mungu majini, mimi nawaheshimu kwa nia yao, ila huruma kwa vifaranga hivyo mia ni msiba kwa perege wa ziwa zima. Na kupandikiza samaki kwenye maji ya wote sio kitu cha mtu kujiamulia hata kwa nia njema, hilo lina mamlaka yake. Ukimaliza acha bwawa likauke wiki moja au mbili mpaka tope lipasuke, hapo hakuna kinachobaki.

Wavuvi wa Rutamba na maziwa yale mengine, nyinyi mnaweza kusaidia kuliko mtu yeyote kwa sababu mnaona samaki kila siku. Mkipata sato, hata kama ni mdogo, msimrudishe majini, mleni au muuzeni, na mkianza kuona wanaongezeka kwenye nyavu toeni taarifa kwa BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za uvuvi, au kwa afisa uvuvi na mseme mmewapata upande gani wa ziwa, maana kujua wanaingilia wapi ndio kujua bwawa gani linavuja. Na mfugaji ambaye tuta lake limekatika mwaka huu asijifiche kwa kuogopa faini au maneno ya kijiji, aseme mapema maji yalielekea wapi, samaki wakiwa bado kwenye vidimbwi vya bondeni wanaweza kuvuliwa kabla mvua nyingine haijawafikisha ziwani.

Ukinunua vifaranga andika kwenye daftari umenunua wapi, lini, aina gani na wangapi, na siku ya kuvuna andika umetoa wangapi. Waliokufa uliwaona, walioliwa na ndege utakadiria, na pengo likibaki kubwa kagua ule wavu wa bomba kabla hujajaza maji tena.